Asilimia 20 ya mvua, ndoo 40 za dagaa: kisa cha mwalo wa Igombe

Upepo uligeuka saa tisa na robo alasiri. Tangu saa nne asubuhi ulikuwa ukivuma kutoka Ziwa Victoria, mpole, ule unaowafanya wanawake wa Igombe, mwalo wa boti za uvuvi pembeni mwa jiji la Mwanza, walegeze kanga kichwani. Ukakoma. Zikapita dakika mbili tatu za ukimya, halafu ukaja mwingine kutoka nyuma yetu, upande wa nchi kavu, wa baridi, umebeba vumbi na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, uso kauelekeza ziwani kama kawaida yake. Hakugeuka hata kutazama. Aliinuka na kupaza sauti mara moja: "Anueni!"

Hatukuwahi. Dagaa wa ndoo 40 walikuwa wametandazwa juu ya nyavu chakavu, eneo linalokaribia kiwanja cha netiboli, na watu wa kuanua tulikuwa wanne, mmoja wao mimi niliyevaa viatu vya mjini. Tulizoa mabeseni machache. Mvua ikashuka kwa dakika 25, matone makubwa yanayopiga mchanga na kuurusha juu ya samaki. Ilipoanuka, jua lilitoka palepale, kali, na mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye nyavu. Mgeni angedhani hakuna kilichoharibika. Mwenye pua ya biashara alishajua.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba, wakati ambao kiangazi cha huku kwetu kimeanza kulegea lakini vuli haijaingia. Nimekirudia kisa hiki kichwani mara nyingi kwa sababu asubuhi ile mimi ndiye niliyemwambia anunue. Kila aliyehusika alipata wa kumlaumu. Mama mkubwa alilaumu simu yangu, mimi nikawalaumu wanaotengeneza programu za simu, na kijana mmoja wa pale mwaloni akasema watu wa hali ya hewa ni waongo, basi. Nilipokaa na daftari ndipo nikaona kwamba lawama zote tatu zilikuwa zimekosea mlango.

Kilichosemwa asubuhi

Mama mkubwa hununua dagaa wabichi boti zinaporudi alfajiri, anaanika, kisha anawauza wakavu kwa tajiri wa Kirumba, Mwanza mjini. Mimi namwekea hesabu. Yeye ana kitochi, mimi nina simu ya kupangusa, kwa hiyo siku za kununua hunipigia kabla jua halijapanda. Siku hiyo maongezi yetu, pamoja na salamu ya Kisukuma, hayakufika dakika moja.

"Mwangaluka, baba. Mvua ipo?"

"Mwangaluka, mayu. Hakuna, jua tupu."

"Ninunue?"

"Nunua."

Sasa tuangalie nilichokuwa nacho mkononi wakati natamka "jua tupu". Juu kabisa ya kioo cha simu kulikuwa na picha ya jua linalochungulia nyuma ya kijiwingu cheupe. Chini yake, kwa herufi ndogo, uwezekano wa mvua: asilimia 20 saa saba mchana, ukishuka hadi asilimia 10 ifikapo saa kumi. Chini zaidi, kiasi cha mvua kwa siku nzima: milimita 0.4. Na kwenye kundi la WhatsApp la mwalo, tangu jana yake jioni, ilikuwa ikizunguka taarifa ya saa 24 kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa lugha ile tuliyoizoea redioni: hali ya mawingu kiasi, mvua za ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua.

Katika hayo yote hakuna palipoandikwa kwamba mvua haitanyesha. Picha ilikuwa ya kijiwingu, namba ilikuwa 20, sentensi ilitaja ngurumo. "Jua tupu" ilikuwa tafsiri yangu mwenyewe, ya mtu aliyeamka usingizini na kuangalia picha.

Sijitetei, lakini nitasema hili: mtu aliyebuni kuweka picha moja juu ya siku nzima ametuponza wengi. Siku yenye vipindi vya jua na ngurumo maeneo machache haina picha. Ukiilazimisha iwe na picha moja, utachora jua, kwa sababu jua ndilo litakalokuwepo kwa saa nyingi zaidi, na utakuwa sahihi kwa saa kumi na moja na nusu kati ya kumi na mbili. Dagaa wanaozwa na ile nusu iliyobaki.

Mvua iliyokosa mashahidi

Baada ya mvua, mama mkubwa alimpigia tajiri wake kumwambia mzigo wa kesho umeharibika.

"Mvua gani, mama? Huku Kirumba vumbi tupu."

"Njoo uone mwenyewe, baba."

Hakuja. Alidhani anatafutiwa sababu ya kupandishiwa bei, na ukweli ni kwamba kutoka Igombe hadi Mwaloni Kirumba ni mwendo usiofika saa moja kwa daladala. Jioni nikirudi mjini nilichungulia dirishani kutafuta mpaka wa mvua. Barabara ilikuwa imelowa, madimbwi yakaanza kupungua, kisha lami ikawa kavu kana kwamba mtu amepiga mstari. Kabla ya kuondoka, pale mwaloni Igombe kulikuwa na sufuria iliyosahaulika nje kwenye mafiga, yenye kuta zilizonyooka. Nilichovya kidole, maji yakafika kwenye pingili ya kwanza. Si kipimo cha kitaalamu, ila tuseme milimita 20, yaani lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Ni ndoo moja nzima ya maji imemwagwa juu ya kila mita ya mraba ya dagaa.

Na simu ilikuwa imesema milimita 0.4. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa.

Programu nyingi za simu hazina mtu wala kifaa Igombe. Zinachukua majibu ya modeli za dunia nzima, yaani programu kubwa za kompyuta zinazoigawa anga ya dunia katika miraba na kukokotoa joto, unyevu na upepo wa kila mraba. Data nyingi zinazotolewa bure huja kwa miraba ya robo nyuzi ya latitudo na longitudo, ambayo huku karibu na ikweta ni kilomita 28 hivi kila upande. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kuimeza Igombe, Kirumba, uwanja wa ndege, vilima vya mawe vya mjini na kipande kikubwa cha ziwa, vyote vikapewa namba moja.

Piga hesabu. Kilomita 28 mara 28 ni kilomita za mraba 784. Milimita 0.4 iliyosambazwa sawasawa juu ya eneo hilo ni maji yaleyale ya milimita 20 iliyoanguka juu ya kilomita za mraba 16 tu na kuacha kwingine kote kukavu. Kilomita 16 za mraba ni eneo la nne kwa nne. Ni wingu moja la ngurumo. Mtu anaposoma "0.4" anafikiria manyunyu yasiyolowesha hata kofia, na kumbe huenda anaambiwa kwamba mahali fulani ndani ya mraba huu atamwagiwa mtu ndoo, wengine wote hawataona tone, na mwenye bahati mbaya hajulikani ni nani. Namba ni ileile kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kuna na suala la saa. Simu iliweka asilimia kubwa zaidi saa saba mchana. Ilipofika saa nane, mbingu buluu, sisi tuliona hatari imepita. Mama mkubwa hata aliagiza chai. Kumbe huo nao ni ugonjwa unaojulikana: modeli za miraba mikubwa haziwezi kuliona wingu moja linavyofura, zinakisia kwa kanuni za jumla, na makisio hayo katika nchi za tropiki huwa yanaangusha mvua mapema mno, adhuhuri, wakati mawingu halisi huchukua saa kadhaa zaidi kukomaa. Modeli zenye miraba ya kilomita nne au tano hufanya vizuri zaidi kwa hili. Lakini picha ya jua kwenye simu yako haikuambii imetoka kwenye modeli ipi.

Kwa nini lilitoka nyuma

Mwaloni kila mtu hutazama ziwani. Ni haki yao. Ubaya wa kuua hutoka huko. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, upepo ukatiririka kutoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya ziwa, ukakutana, ukapanda, na ngurumo zikazaliwa juu ya vichwa vya wavuvi wa karabai saa wanapovuta nyavu. Ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 linatosha kujitengenezea hali yake ya hewa, bila kumuuliza mtu. Kwa sababu upepo wa juu mara nyingi husukuma kuelekea magharibi, mvua hizo hushushwa zaidi upande ule. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu maradufu ya mvua ya Mwanza kwa mwaka, ilhali sote tunakunywa ziwa moja.

Watafiti wakiongozwa na Mbelgiji Wim Thiery walichapisha mwaka 2016 kazi iliyoonyesha kwamba dhoruba hizo za usiku juu ya ziwa zinatarajiwa kuzidi ukali kadiri dunia inavyopata joto, na baadaye wakaonyesha kwamba ngurumo za alasiri kwenye nchi kavu zinaweza kutumika kama dalili ya kitakachotokea ziwani usiku unaofuata. Kwa baharia wa mtumbwi hiyo ni habari ya uhai. Kwa mwanikaji haimsaidii sana, maana biashara yake iko kwenye hizo alasiri zenyewe.

Mchana mambo hugeuka. Nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuingia bara. Ndio ule mpole tuliokuwa tunaupunga. Unabeba unyevu, unapanda juu ya vilima, unakutana na upepo wa mashariki, na mawingu yanajengeka huko ndani, si ufukweni. Likishakomaa, wingu hufuata upepo wa juu, unaoweza kuwa kinyume kabisa na ule unaousikia usoni. Siku ile lilijengeka upande wa Kisesa, kule bara, na kutujia kwa mgongo, huku sisi tukipulizwa na upepo wa ziwani tukiamini kwamba upepo huo ndio unaotupa habari. Ile baridi ya ghafla iliyotangulia mvua ilikuwa hewa iliyopozwa na mvua yenyewe, ikaanguka kutoka winguni na kutambaa juu ya ardhi mbele yake. Ukishaisikia, una dakika chache tu.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee, lakini methali haisemi utazame mawingu ya upande gani.

Kiangazi cha watu wengine

Niliposoma zaidi nilikuta kwamba wenzetu wanaolalamika kama sisi ni watu wa jangwani. Inachekesha kwanza kwa sababu ya lugha. Sisi tukisema kiangazi tunamaanisha ukavu, mtu akikwambia "mvua za kiangazi" unaona anajichanganya. Katika jangwa la Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini-magharibi mwa Mexico, miezi ya joto kali ndiyo yenye mvua. Wataalamu wao wa hali ya hewa wameweka msimu huo kwenye kalenda, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, na wanaufuata hivyo tangu mwaka 2008. Mji wa Tucson, Arizona, unaopata mvua ya milimita 270 hivi kwa mwaka mzima, hupata karibu nusu yake katika miezi hiyo.

Na utabiri wao unasumbua kwa sababu ileile. Jua linapasha ardhi, unyevu unaingia kutoka Ghuba ya California na Ghuba ya Mexico, milima inausukuma juu, alasiri wingu linafura. Simu zinaandika asilimia 20 au 30, mtaa mmoja unapata mafuriko, wa pili unapata vumbi, na wakazi wa mtaa wa pili wanasema wataalamu wamekosea. Tofauti kubwa ni kwamba hewa ya chini ya jangwani ni kavu kiasi kwamba mara nyingine mvua unaiona kwa macho ikining'inia kutoka winguni kama pazia na kuyeyuka kabla haijagusa ardhi. Kwetu, penye ziwa linalotoa unyevu usiku na mchana, pazia likining'inia usikae ukilitazama.

Nimeleta habari za jangwa kwa sababu zilinitoa kwenye wazo kwamba tumeonewa sisi tu, wa nchi zenye vituo vichache vya kupimia. Vituo zaidi vingesaidia, sikatai. Lakini Arizona ina rada, ina satelaiti, ina pesa, na bado hakuna anayeweza kukwambia asubuhi ni mtaa upi utakaonyeshewa alasiri. Mvua inayotoka kwenye wingu moja moja ndivyo ilivyo. Inafanana na sufuria ya maji jikoni: unajua yatachemka, hujui povu la kwanza litatokea upande gani wa sufuria.

Daftari

Sasa tufungue daftari, maana hapa ndipo kosa halisi lilipo.

Ndoo 40 kwa shilingi 22,000 kila moja ni 880,000. Wabebaji, waanikaji na ushuru, 60,000. Jumla alitoa 940,000. Ndoo hizo zingekauka vizuri angepata kilo 200 hivi, na tajiri alikuwa amekubali 6,500 kwa kilo: 1,300,000. Faida 360,000. Baada ya mvua, dagaa waliingia mchanga, kesho yake jua likachelewa hadi adhuhuri, wakaanza kutoa ile harufu. Hakuna wa kuwala. Akapatikana mtu wa chakula cha kuku, akachukua kilo 190 kwa 2,000. Hiyo ni 380,000, hasara 560,000. Kati ya siku nzuri na siku mbaya pana shimo la 920,000.

Swali alilonipigia mama mkubwa lilikuwa moja: mvua ipo au haipo. Daftari lina maswali mawili, na majibu yake hayafanani.

La kwanza, anunue au asinunue? Asiponunua hapati wala hapotezi. Akinunua, mvua isiponyesha anapata 360,000, ikinyesha anapoteza 560,000. Ukizipima hizi mbili, kukaa nyumbani kunalipa pale tu uwezekano wa mvua unapozidi asilimia 39. Siku ile ulikuwa 20. Kununua kulikuwa sahihi, na kungekuwa sahihi hata kama ningesoma zile herufi ndogo kwa miwani.

La pili, akishanunua, ajikinge au asijikinge? Pale Igombe turubai kubwa hukodishwa 5,000 kwa siku. Sita ni 30,000. Vibarua watatu wa kukaa standibai alasiri yote, 15,000. Jumla 45,000. Turubai haliokoi kila kitu. Pembeni maji yanapenya, na dagaa wabichi ukiwafunika muda mrefu wanatoka jasho wanaanza kuoza, lazima ufunue mara mvua inapopungua. Tuseme yanaokoa robo tatu ya lile shimo, yaani 690,000. Gawanya 45,000 kwa 690,000: asilimia sita na nusu. Maana yake ni kwamba siku yoyote ambayo uwezekano unazidi asilimia saba, mama mkubwa anapaswa kukodi turubai, hata kama anaamini kabisa mvua haitanyesha. Na siku nyingi mvua haitanyesha kweli.

Kwa hiyo utabiri uleule mmoja, ule wa asilimia 20, ulikuwa unasema mambo mawili kwa pamoja: nenda kanunue, na ukodi turubai. Mimi nilimpa nusu ya kwanza. Picha ya jua haina mahali pa kuandika nusu ya pili, na "ndiyo" au "hapana" nayo haina.

Jirani yake, aliyeanika juu ya vichanja, alipoteza kidogo tu. Kwenye kichanja maji yanapita chini, hakuna mchanga unaoruka, upepo unakausha juu na chini. Mvua ikianuka samaki wamelowa lakini hawajachafuka. Alikuwa na simu ya kitochi vilevile na wala hakuwa amempigia mtu.

Onyo ambalo lisingekuja

Kuna aliyeniuliza kwa nini Mamlaka ya Hali ya Hewa haikutoa tahadhari. Kwa sababu haikuwa mvua ya kutolewa tahadhari. Zile rangi tunazoziona, manjano ya angalizo, machungwa ya tahadhari na nyekundu ya tahadhari kubwa, zimewekwa kwa ajili ya mvua kubwa, inayozidi milimita 50 kwa saa 24, kwa upepo mkali na kwa mawimbi. Zimepangwa kwa kufikiria mafuriko na mitumbwi inayopinduka. Milimita 20 kwenye kilomita nne za ufuko haiangushi nyumba wala haizamishi chombo. Kwa mtabiri ni mvua ya maeneo machache. Kwa aliyeanika ndoo 40 ni msiba. Kipimo cha ukali wa mvua kinategemea umetandaza nini chini yake.

Palipo na nafasi ya kufanya kitu ni katika saa moja au mbili za mwisho. Mwanza ina rada ya hali ya hewa, iko Kiseke, na rada huliona wingu linapoanza kubeba mvua, lilipo na linakoelekea, hata kama asubuhi hakuna aliyejua lingezaliwa wapi. Lile la Kisesa halikuzaliwa saa tisa. Ujumbe mfupi kwa kitochi saa nane na nusu, "mvua upande wa Kisesa, inaelekea kaskazini-magharibi", ungetosha kuwaita watu na kukunja nyavu. Najua ni rahisi kusema. Kuutuma kwa kila mwalo kila alasiri kunataka mtu wa kukaa kwenye kioo na fedha za kulipia meseji. Lakini kama ningeulizwa fedha ziende wapi kwanza, ningesema hapo, kabla ya kutafuta utabiri wa siku kumi usiokuwa na faida kwa mtu anayeanika leo na kuanua leo.

Baada ya hapo

Tuliafikiana hivi: namsomea namba, simwambii tena ipo au haipo, na ikizidi saba anakodi. Mjukuu wake mmoja akapewa kazi ya kukaa alasiri akilipa ziwa mgongo, macho Kisesa. Watu walimcheka mtoto wa watu.

Oktoba na Novemba, ukitoa siku za mbalamwezi ambazo boti hazitoki, aliingia kununua mara 14. Mara tisa namba ilizidi saba akakodi turubai. Mvua ilifika mwaloni mara mbili kati ya hizo tisa, na mara zote mbili dagaa walifunikwa kwa wakati. Mara moja ilinyesha siku ambayo simu iliandika tano, tukiwa wazi kabisa, ila ilikuwa rasharasha. Wakaanikwa tena kesho yake na bei ikashuka kidogo.

Nilimpelekea hesabu nikiwa na furaha. Mara tisa kwa 45,000 ni 405,000, nikamwambia, na mara mbili tulizookoa zinakaribia 1,380,000. Aliangalia daftari kwa muda.

"Hizo mara saba ambazo haikunyesha, pesa yangu imekwenda wapi?"

Nikaanza kueleza kwamba ni kama bima, huwezi kujua mapema ni siku ipi. Alinikata.

"Hilo nimelielewa. Nauliza, turubai jipya shilingi ngapi?"

Nilikuwa nimeulizia. Elfu 55 moja. Sita ni 330,000, sawa na siku 11 za kukodi. Tulikuwa tumeshakodi siku tisa, yaani 270,000 ya turubai peke yake, na vuli ilikuwa bado haijaisha. Nilikuwa nimekokotoa asilimia sita na nusu kwa ufundi wote, nikasahau kumuuliza mwenye biashara kama anataka kukodi au kununua.

"Wewe na simu yako," akasema, akachukua kalamu na kuandika mwenyewe pembeni mwa ukurasa: turubai 6, vichanja 4, mbao za kuulizia Kayenze.